Kazi inapokatika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wafanyakazi wenye ulemavu wa ukuaji

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuwasindikiza kazini watu wenye ulemavu wa ukuaji. Wiki za mwanzo nasimama nao pembeni ya mashine, kisha narudi nyuma hatua moja moja mpaka sihitajiki tena. Kazi zao zinapokatika, simu huanza kuingia. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia. Mengi ni ya wazazi na ndugu, mengine ya mameneja. Machache ni ya wafanyakazi wenyewe, na hayo ndiyo mazito kuliko yote.

"Ulemavu wa ukuaji" maana yake nini hasa?

Ni ulemavu unaoanza mtu angali tumboni au utotoni, na kwa kawaida huishi nao maisha yote. Humo mna ulemavu wa akili, usonji, sindromu ya Down, mtindio wa ubongo na hali nyingine kadhaa. Si ugonjwa wa akili, ingawa mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Tena watu hawa hawafanani: mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa mhasibu hodari ambaye shida yake ni ngazi tu. Hapa nawazungumzia zaidi wale wanaohitaji muda na msaada ili kujifunza, kuyaelewa mabadiliko au kujieleza.

Kwa nini kampuni ikipunguza watu, wao ndio hutangulia kutoka?

Mara chache kuna mtu aliyekaa chini akapanga kuwaonea. Mambo huenda kimyakimya. Kwanza, wengi wako kwenye kazi za usafi, jikoni, ufungashaji, kufua na kupanga bidhaa, na hizo ndizo zinazotikisika uchumi ukiyumba. Mwaka 2020 korona ilipofunga hoteli, mikahawa na kumbi, walijikuta nyumbani kabla hata hawajaelewa kirusi ni kitu gani. Pili, wengi waliajiriwa juzijuzi, kwa mikataba ya saa chache, na kanuni ya aliyeingia mwisho atoke mwanzo huwapata moja kwa moja. Tatu ni mashine: kupanga barua, kuhesabu stoo, kupokea malipo kaunta.

Sababu ya nne haionekani kwa nje, nami ndiyo inayonikera. Kazi nyingi za watu hawa zimeshonwa kwa vipande. Msimamizi mmoja mwenye moyo na jicho aliona kwamba wahudumu wanapoteza saa nzima kung'arisha vijiko, karani hafikii kuchana karatasi za siri, na hakuna anayebandika lebo kwa wakati. Akavikusanya vipande hivyo vikawa ajira ya mtu mmoja, na mtu huyo akaifanya vizuri kuliko wote watatu. Bajeti inapobana, mshono hufumuliwa. Kila kipande hurudi kilikotoka, na kwenye karatasi inaonekana kama hakuna kilichopotea. Yule msimamizi aliyeushona kwa kawaida ameshahamia kwingine, na hakuna aliyebaki wa kuutetea.

Mbona takwimu za ukosefu wa ajira hazilionyeshi hili?

Kwa sababu ya namna zinavyohesabiwa. Kipimo cha kawaida duniani humtambua mtu kuwa hana ajira iwapo hafanyi kazi, yuko tayari kufanya, na amekuwa akiitafuta. Mtu aliyerudi kukaa sebuleni kwa wazazi, bila mtu wa kumsaidia kuomba kazi, hahesabiwi kabisa. Anawekwa kwenye kundi la walio nje ya nguvukazi, pamoja na wanafunzi na wastaafu.

Lakini kila anayepoteza kazi huumia. Kwao kuna tofauti gani?

Kila mtu huumia, ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mtafiti Marie Jahoda na wenzake walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa, wakatazama jinsi watu wanavyoishi bila kazi. Ungedhani wenye muda tele wangesoma zaidi, kumbe vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama njiani, na wengi hawakuona tena haja ya kutembea na saa. Baadaye Jahoda alieleza kuwa kazi, ukiuondoa mshahara, humpa mtu mambo matano: mpangilio wa muda, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja na wengine, hadhi, na shughuli ya kila siku.

Sasa yapime mambo hayo matano. Mtu wa kawaida akiachishwa, bado ana mwenza, ana marafiki wa chuo, ana timu anayoishabikia na watu wa kubishana nao juu yake. Kwa wengi wa wale ninaowasindikiza, yote matano yalikuwa ndani ya jengo moja. Siku mlango ulipofungwa, yakaondoka kwa mpigo.

Mwanamke mmoja alikuwa akikunja taulo kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Habari ya kuachishwa aliipokea akiwa mkavu, hata mshahara hakuuliza. Alilia alipoambiwa arudishe kitambulisho, kile cha plastiki chenye kamba ya bluu. Dada yake alinieleza baadaye kwamba ndicho kitu pekee chenye picha na jina lake ambacho hakikutolewa na hospitali wala ofisi ya ustawi wa jamii. Tulirudi tukaomba arudishiwe, kikiwa kimetobolewa tundu kuonyesha hakitumiki tena. Hakujali tundu.

Nimwambieje? Naogopa kumvunja moyo.

Mwambie kwa maneno yasiyo na kona. Sisi waswahili tuna ufundi mkubwa wa kulifunika jambo hili. Kibarua kimeota nyasi, panga limepita, fulani kapumzishwa, "tutakuita tukikuhitaji". Kwa mtu anayechukua neno kama lilivyo, huo wote ni mtego.

Kijana mmoja mwenye usonji aliitwa na bosi wake Ijumaa jioni akaambiwa, "Tumeamua upumzike kidogo." Akashukuru. Jumatatu saa 12 asubuhi alikuwa getini, sare imepigwa pasi, chupa ya maji mkononi. Mlinzi alikuwa na orodha mpya na jina lake halikuwemo, lakini hakuwa na moyo wa kumfukuza. Kijana alisimama pale hadi saa 4. Wala hakuwa mbishi. Aliambiwa apumzike, akapumzika siku mbili, akarudi.

Maneno yanayofanya kazi ni mafupi: "Kazi yako hapa imeisha. Siku yako ya mwisho ni Ijumaa. Jumatatu hutakuja kazini. Hujakosea. Kampuni haina pesa za kulipa watu wote." Kisha nyamaza. Usijaze kimya kwa maelezo ya soko. Chukueni kalenda muiweke alama siku ya mwisho, halafu mwombe akueleze yeye mwenyewe kitakachotokea Jumatatu, kwa sababu kutikisa kichwa si kuelewa. Kwa asiyetumia maneno, tumieni picha za jengo, sare na nyumbani, mzipange kwa mfuatano.

Mambo mawili ya kuangalia. "Hujakosea" lisemwe tu kama ni kweli. Na kama hakuna uwezekano wa kuitwa tena, "labda" isitamkwe. Nimeona mtu akiishikilia "labda" ya mtu mwingine kwa zaidi ya mwaka.

Nani amwambie, mzazi au bosi?

Bosi, kwa sababu yeye ndiye mwenye uamuzi. Awepo pia mtu mmoja ambaye mfanyakazi anamwamini na amemchagua mwenyewe. Kumpigia mama simu kwanza na kumwachia kazi ya kueleza ni kumgeuza mtu mzima kuwa mtoto anayeletewa taarifa ya shule.

Amelipokea vizuri tu, hata hajalia. Basi yameisha?

Ngoja. Kwa wengi maumivu huchelewa, na hayaji na sura ya huzuni. Huja wiki ya tatu au ya sita, pale mwili unapogundua kuwa hii si likizo. Angalia usingizi na hamu ya kula. Angalia swali moja linaloulizwa mara 20 kwa siku, mambo aliyokuwa akiyafanya mwenyewe ambayo sasa anasubiri afanyiwe, hasira za ghafla, kujiuma au kujipiga, maumivu ya tumbo yasiyo na chanzo. Wengine huvaa sare kila asubuhi. Mwacheni aivae, na mmuulize anachokikumbuka.

Ukimpeleka hospitali, jiandae kwa jibu la "ndivyo walivyo". Wahudumu wa afya huangalia ulemavu wakaacha kumwangalia mtu, na sonona ikapita bila kuonekana. Andika kwenye karatasi alivyokuwa kabla ya tarehe ya kuachishwa na alivyo sasa, umpe daktari. Tofauti kati ya safu hizo mbili ndiyo dalili, nayo haihitaji mgonjwa awe na maneno mengi.

Ndugu yangu ana sindromu ya Down na tangu aachishwe amekuwa mzito na msahaulifu. Ni kazi au ni maradhi?

Yawezekana ni lolote kati ya hayo, ndiyo maana usikisie. Watu wenye sindromu ya Down hupata kwa wingi upungufu wa homoni ya tezi shingoni, matatizo ya kusikia na kukatika pumzi usingizini, na vyote hivyo vinaweza kumfanya mtu aonekane amezama. Pia ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofifisha kumbukumbu, huwapata mapema kuliko watu wengine, mara nyingi wakiwa na miaka ya 50. Omba vipimo vya damu vya tezi, masikio yaangaliwe, na historia ya usingizi ichukuliwe kabla mtu hajasema ni huzuni tu. Upande wa pili pia una hatari yake: mtu mwenye majonzi ya kawaida akabandikwa jina la shida ya akili ya uzeeni, ikawa ndiyo sababu ya kutomtafutia kazi tena.

Na jiulize swali ambalo watu hulisahau: je, kumbukumbu ilianza kupungua akiwa bado kazini? Waulize waliofanya naye kazi. Huenda alianza kukosea miezi kadhaa nyuma, wakamfichia kwa upendo, na hapo ndipo hadithi yote inapobadilika.

Wamempa barua asaini. Asaini?

Si siku hiyo hiyo. Kuna saini ya kuthibitisha kwamba amepokea barua, na kuna saini ya kukubali kwamba hadai chochote tena. Zinakaa sehemu moja ya ukurasa na zinafanana. Aombe nakala, aende nayo nyumbani, asomewe na mtu asiye na maslahi, na chama cha wafanyakazi kiulizwe kama kipo. Ziulizweni notisi, siku za likizo zilizobaki, kiinua mgongo au malipo mengine ya kuachishwa, michango ya hifadhi ya jamii, na barua inayoeleza alichokuwa akikifanya.

Saini ni yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unatambua katika kifungu cha 12 kuwa watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine na wana haki ya kusaidiwa kuutumia. Kwa hiyo kazi yako kama ndugu ni kumweleza mpaka aelewe, kisha aamue.

Je, kuna ubaguzi hapa, au ni bahati mbaya tu?

Hali mbaya ya biashara huwa ni ya kweli. Swali ni jinsi majina yalivyochaguliwa. Kifungu cha 27 cha mkataba huo kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu katika mambo yote ya ajira, ikiwemo kuendelea kuwa kazini, na kinahusu pia msaada wa kupata kazi, kudumu nayo na kuirudia. Shirika la Kazi Duniani nalo lina Mkataba namba 158 wa mwaka 1982, unaotaka kuwepo sababu halali ya kumwachisha mtu na notisi ya kutosha, lakini huo huzifunga nchi zilizouridhia tu. Sheria ya nchi yako ndiyo itakayoamua.

Omba vigezo kwa maandishi. Kama kigezo kilikuwa "uwezo wa kufanya kazi yoyote" au "kasi ya kuzoea mfumo mpya", uliza kama aliwahi kupewa marekebisho ya kumwezesha, mathalani maelekezo ya picha au muda zaidi wa mafunzo. Kumpima mtu kwa mfumo ambao hakufundishwa kwa njia anayoielewa ni kumpima kwa ulemavu wake. Na muda wa kulalamika huwa mfupi, pengine wiki chache, kwa hiyo usisubiri hasira zipoe.

Posho yake ya ulemavu ilipunguzwa alipoanza kazi. Itarudi yenyewe?

Usitegemee. Toeni taarifa ya mabadiliko ya kipato wiki hiyo hiyo, kwa maandishi, na mtunze hati za mshahara. Ofisi ikiendelea kuhesabu mshahara ambao haupo, yeye ndiye atakayelala na njaa. Ikikosea kwa upande mwingine, atadaiwa arudishe.

Siku za mwanzo nyumbani tufanye nini?

Mlinde asubuhi. Aamke saa ile ile, aoge, avae, atoke nje ya nyumba. Safari ya kwenda kazini ilikuwa nusu ya kazi yenyewe, hivyo mpeni pa kwenda hata kama ni kutuma kifurushi au kujitolea saa mbili mahali. Kazi za nyumbani zinafaa, lakini jihadharini: binti anayeachishwa hugeuzwa yaya wa familia kabla wiki haijaisha, na miaka mitatu baadaye kila mtu anasema "hana hamu ya kazi, anapenda watoto". Wengine wanahitaji uangalizi wa pekee wa ratiba. Mtu mwenye sindromu ya Prader-Willi, kwa mfano, ana njaa isiyotulia, na siku tupu karibu na jiko ni hatari kwa afya yake.

Je, atasahau alichojifunza?

Sehemu yake, ndiyo, na mapema kuliko unavyotarajia. Kupanda basi mwenyewe, kusoma saa, kuhesabu chenji na kusalimiana na mgeni ni ujuzi unaodumu kwa kutumiwa. Kazi yenyewe, yaani zile hatua 14 za kuendesha mashine ya kuoshea vyombo, hurudi upesi akiwekwa mbele ya mashine. Kinachopotea zaidi ni uthubutu. Kwa hiyo, kama ni lazima uchague, linda safari ya basi, mengine yatafuata. Na kabla hajaondoka kazini, piga video fupi akifanya kazi yake, kwa ruhusa yake na ya mwajiri. Dakika mbili za video zimewashawishi waajiri wapya kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika.

Karakana maalumu ya walemavu alikofanya kazi inafungwa. Si afadhali? Zilikuwa za unyonyaji.

Nyingi zilikuwa hivyo, na malipo ya kiduchu yasiyolingana na jasho. Mwaka 2022 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba wa haki za watu wenye ulemavu ilisema wazi kwamba ajira za kutengwa lazima ziondolewe. Nakubaliana nayo. Ila kufunga ni nusu ya kazi. Uingereza ilikuwa na viwanda vya Remploy vilivyoajiri walemavu, cha kwanza kikiwa kimefunguliwa mwaka 1946, na mwaka 2012 na 2013 vikafungwa kwa hoja kwamba fedha zielekezwe kuwasaidia watu wapate ajira za kawaida. Hoja ilikuwa na uzito, na waliofanya kazi humo waliandamana kuipinga. Nimekutana na wanaharakati wanaowacheka walemavu wanaolilia karakana, nami huwauliza: Jumatatu asubuhi anakwenda wapi? Mwenye jibu la swali hilo na afunge. Asiye nalo apange kwanza, mtu mmoja mmoja, huku mlango ungali wazi.

Mimi ni mwajiri na kweli sina namna. Nifanyeje vizuri?

Tazama kwanza kama saa zinaweza kupunguzwa kwa wote badala ya mtu kuondoka. Kama haiwezekani, mpe muda mrefu kuliko notisi ya kisheria. Wiki nne za kujiandaa zinamfaa kuliko mwezi wa mshahara akiwa nyumbani. Mwachie afanye kwa mara ya mwisho yale mambo madogo, kusaini daftari la zamu, kuweka funguo za kabati mezani. Muagane hadharani kama mnavyoagana na wengine. Andika barua inayotaja mashine, vipimo na zamu, siyo "kijana mwenye tabasamu". Tabasamu halijawahi kumpatia mtu kazi ya stoo.

Wenzake waliahidi kumtembelea. Watakuja?

Wawili watakuja mara moja. Chagueni mmoja mapema, mpange siku maalumu na jambo maalumu la kufanya pamoja. "Tutaonana" haina tarehe.

Atapata kazi nyingine?

Wengi hupata, lakini huchukua muda mrefu, na mara nyingi kupitia mtu anayemjua mtu kuliko tangazo. Anayesoma matangazo yenye "uwezo wa kufanya mambo mengi kwa wakati mmoja" atajiondoa mwenyewe. Tafuta biashara inayofanana na ile ya kwanza, omba siku za majaribio badala ya usaili wa maneno, na mrudishe msindikizaji tangu siku ya kwanza hata kama safari iliyopita alikuwa ameshaacha kumhitaji. Jengo jipya, bosi mpya, choo kiko upande mwingine.

"Nikipata kazi nyingine, nayo wataichukua?"

Hili aliniuliza yule kijana wa getini. Nilimwambia inawezekana, na kwamba ikitokea nitakuja siku ile ile kumwambia kwa maneno wazi. Akaniuliza kama nitakuja kabla ya Jumatatu. Nikasema ndiyo. Akaichukua kalenda yake akaandika namba yangu ya simu pembeni ya kila Ijumaa ya mwezi ule.